Kumtoa mwanafunzi kwenye ukurasa: tuliyojifunza kwa kufundisha uhakiki wa habari kwa nyenzo za mtandaoni

Mpe mwanafunzi ukurasa wa tovuti asioujua, mwombe aseme kama unaaminika, kisha utazame mkono wake kuliko kusikiliza maneno yake. Atateremka hadi chini ya ukurasa, atapanda tena, atafungua sehemu ya "Kutuhusu" na kusoma sifa ambazo wenye tovuti wamejiandikia. Ataangalia nembo, ataangalia kama anwani inaishia na .org, halafu atatoa hukumu. Muda wote huo hajatoka nje ya ukurasa hata mara moja. Mwamba ngoma huvutia kwake, nasi tumemwacha mwanafunzi amuulize mwamba ngoma mwenyewe.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima jambo hili katika utafiti waliouweka hadharani 2017. Waliwaketisha mbele ya kompyuta watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 wanaoifanya kazi hiyo kwa kulipwa, na wanafunzi 25 wa Stanford. Kazi mojawapo ilikuwa kulinganisha kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto nchini Marekani. American Academy of Pediatrics ni chama kilichoanzishwa 1930, chenye makumi ya maelfu ya wanachama. American College of Pediatricians ni kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Majina yanakaribiana na kurasa zote mbili zinavutia. Wahakiki wote 10 walikitambua chama kikubwa kuwa ndicho cha kutegemewa. Wanafunzi wengi walichagua kikundi kidogo. Tofauti haikuwa akili wala elimu. Wahakiki walikaa kwenye ukurasa kwa sekunde chache tu, wakafungua vichupo vipya pembeni, wakauliza watu wengine wanasema nini kuhusu chama hiki. Walisoma kidogo na kujua zaidi. Wineburg na McGrew wakauita mwenendo huo usomaji wa pembeni.

Tunaanza na utafiti huu kwa sababu ndio mizani yetu ya kuchagua nyenzo. Nyenzo za kufundishia uhakiki wa habari zimejaa mtandaoni, nyingi zikiwa za bure na zimetengenezwa kwa ustadi. Swali la kuliuliza kila moja ni hili: je, inamtoa mwanafunzi kwenye ukurasa, au inamfunga humo humo?

Orodha za maswali ndizo zinazomfunga zaidi. Ile maarufu inayoitwa CRAAP ilitungwa na Sarah Blakeslee wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Chico, mwaka 2004, na imenakiliwa na maktaba nyingi za vyuo. Inamtaka msomaji achunguze upya wa habari, uhusiano wake na anachotafuta, mamlaka ya mwandishi, usahihi na kusudi. Maswali yenyewe si mabaya. Kasoro ni kwamba mwanafunzi huyajibu kwa kutazama kilichoandikwa mbele yake, na mtu anayekusudia kupotosha ana uwezo wa kuyatimiza yote: ataweka tarehe ya juzi, atajaza viungo vya marejeo, atajipa cheo. Ile .org nayo inanunuliwa na yeyote mwenye ada yake, chama cha hisani au mfanyabiashara. Ukikuta orodha ya namna hii ndani ya nyenzo nzuri, usiitupe nyenzo nzima. Hamisha maswali yake yawe ya mwisho, baada ya mwanafunzi kutoka nje na kurudi.

Mfumo tunaoutegemea ni SIFT, uliopangwa na Mike Caulfield, mtaalamu wa elimu ya kidijitali wa Marekani, mwaka 2019. Una hatua nne: simama kabla ya kuamini au kusambaza, chunguza chanzo ni nani, tafuta mahali pengine palipoieleza habari hiyo vizuri zaidi, fuatilia nukuu, picha au takwimu hadi ilikotoka. Walimu wengi huzifundisha zote nne kwa kipindi kimoja, wanafunzi wakazikariri kama herufi za mtihani na wasiweze kutenda hata moja. Anza na ya pili peke yake. Kipindi cha kwanza kizima kiwe ni kuchunguza chanzo, kwa kurasa tatu au nne tu. Ya tatu ije kipindi cha pili. Ya nne ni ngumu na inahitaji vipindi viwili, kwa sababu ndani yake kuna ufundi wa picha na video. Hatua ya kusimama haifundishwi kwa maelezo. Hujengeka yenyewe mwanafunzi anapozoea kuwa kuna kitu cha kufanya baada ya kusimama.

Mwalimu atangulie kuonyesha. Projekta iwe wazi, naye afikiri kwa sauti: "Jina hili silijui. Sisomi zaidi. Nafungua kichupo kipya, naandika jina la shirika, naongeza neno Wikipedia." Dakika nane zinatosha. Usionyeshe mfano ulioufanyia mazoezi hadi ukawa laini kama siagi; wanafunzi wanahitaji kukuona ukikosea neno la kutafutia, ukirudi nyuma, ukibadilisha. Kisha wape mfano wao, na muda mfupi. Sekunde 90 kwa kuchunguza chanzo kimoja ni kipimo kizuri. Ukiwapa dakika kumi watarudi kusoma ukurasa kutoka juu hadi chini, na tabia ya zamani itakuwa imeshinda.

Hapa kuna mambo madogo yanayoleta faida kubwa kuliko video ndefu za mafunzo. Kwenye Google, ukiandika jina la shirika kisha -site: ikifuatiwa na anwani yake bila nafasi katikati, unaondoa kurasa zake zote kwenye majibu, na kinachobaki ni wanachosema wengine. Alama za kunukuu kuzunguka sentensi huitafuta ilivyo, neno kwa neno. Ni njia nzuri ya kukamata nukuu inayosingiziwa mtu maarufu. Ukiongeza before: na tarehe, kwa mfano before:2015-01-01, utaona kama habari inayosambaa leo kama mpya ilikuwapo zamani. Jambo lingine ni kuzuia kidole. Majibu ya utafutaji yakitokea, mwanafunzi asibonyeze la kwanza. Asome vichwa, anwani na vipande vya maelezo vya majibu yote ya ukurasa wa kwanza, kisha achague. Ukiwazoeza hili tu kwa wiki mbili, utaona kazi zao zinabadilika.

Wikipedia inahitaji neno lake. Wanafunzi wengi wamekatazwa kuigusa, na katazo hilo linaua uhakiki. Kwa kazi ya kumjua mwenye tovuti hakuna njia ya haraka zaidi: aya ya kwanza ya makala hueleza shirika ni nini, na mara nyingi aya ya pili au sehemu ya ukosoaji hueleza ugomvi unaolizunguka. Marejeo yaliyo chini ndiyo daraja la kwenda kwenye magazeti na ripoti. Mfundishe mwanafunzi kufungua pia historia ya uhariri, aone lini makala ilibadilishwa na mara ngapi, na ukurasa wa majadiliano, aone wahariri wanabishania nini. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na ina makala chache kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo asipopata kitu asikate shauri kwamba shirika halipo. Abadilishe lugha kwanza. Kukosekana kwa habari katika lugha moja si ushahidi wa chochote.

Sasa picha, ambako makosa ni mengi zaidi. TinEye, iliyoanza 2008, hutafuta picha ile ile, hata ikiwa imekatwa au kupunguzwa ukubwa, na unaweza kuiagiza ipange majibu kuanzia ya zamani zaidi. Google Lens hutafuta pia zinazofanana, ndiyo maana mwanafunzi huletewa mafuriko mengine, umati mwingine, akadhani amepata asili. Tumia zote mbili, na eleza tofauti yake kabla ya zoezi. Tarehe inayoonyeshwa na TinEye ni siku ambayo roboti wake waliiona picha, si siku ilipopigwa. Picha huenda ilikuwa mtandaoni miaka kadhaa kabla ya hapo. Utafutaji ukishindwa, kata maandishi na fremu zilizoongezwa, bakiza kitu kimoja cha pekee kama jengo au bango, ujaribu tena. Ikishindikana, igeuze kushoto kuwa kulia, maana wasambazaji huigeuza makusudi ili isipatikane.

Mfano mzuri wa darasani ni ile picha ya papa anayeogelea kwenye barabara iliyofurika maji. Ilisambaa wakati wa kimbunga Irene mwaka 2011, ikarudi wakati wa Harvey mwaka 2017, na imerudi mara nyingine tena. Papa yule alikatwa kutoka kwenye picha halisi ya Thomas Peschak inayomwonyesha papa mweupe akimfuata mtu ndani ya kayaki, iliyochapishwa katika jarida la Africa Geographic mwaka 2005. Thamani ya mfano huu ni kwamba mwanafunzi anaweza kufika hadi kwenye asili kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaziweka picha mbili sambamba. Mifano ambayo asili yake haifikiki namna hii, ambako mwalimu analazimika kusema "niamini, si kweli," iache kabisa. Inafundisha kinyume cha somo.

Kwa video, kiongezo cha kivinjari kiitwacho InVID-WeVerify huigawa video katika picha tuli na kuzipeleka kwenye mitambo ya kutafutia. Kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Darasa lenye simu pekee lipige picha za skrini tatu au nne katika sehemu ambazo mandhari inabadilika, na kuzitafuta moja moja. Usitegemee data zilizofichwa ndani ya faili la picha, zile za saa, kamera na mahali. WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na picha ya skrini haikuwa nazo tangu mwanzo. Mwalimu anayeandaa kipindi kizima juu ya data hizo kwa picha alizopokea kwenye kundi ataishia kuonyesha darasa jedwali tupu.

Picha za akili mnemba zimewafanya wengi waongeze somo la kuhesabu vidole. Liondoe. Kasoro za vidole zilikuwa za mitambo ya awali, na mwanafunzi aliyefundishwa kuzitafuta ataipitisha picha bandia yenye vidole vitano kamili. Programu za kugundua kazi ya mashine nazo hukosea pande zote mbili, hasa picha ikishabanwa na kutumwa mara kadhaa. OpenAI yenyewe ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu ya usahihi mdogo. Kuna alama za asili ya picha zinazofuata kiwango cha C2PA, na zikiwapo ni taarifa ya manufaa; zisipokuwapo hazisemi kitu, kwa kuwa hupotea picha inapopita kwenye mitandao mingi. Kinachobaki ni mwendo ule ule wa kutoka nje: nani aliitoa kwanza, ni nani mwingine aliyekuwapo, vyombo vinavyoaminika vimeieleza vipi. Tukio kubwa lililotokea mbele ya watu haliachi picha moja tu ya pembe moja.

Roboti za mazungumzo zina zoezi lake. Wanafunzi tayari huziuliza "hii ni kweli?", na jibu huja kwa sentensi safi zenye kujiamini, wakati mwingine na marejeo ambayo hayapo duniani. Chukua jibu moja, likate katika madai matatu yanayoweza kuthibitishwa, kila kikundi kikahakiki dai moja nje ya roboti. Kikundi kinachopewa marejeo kiyatafute kwa jina kamili ndani ya alama za kunukuu. Zoezi hili huchukua dakika 25 na linashinda hotuba yoyote juu ya hatari za akili mnemba.

Tukija kwenye nyenzo zenyewe. Mkusanyo tunaouweka mbele ni Civic Online Reasoning, uliozaliwa ndani ya kundi la Wineburg huko Stanford na sasa uko chini ya Digital Inquiry Group. Masomo yake ni mafupi, yana karatasi za kazi, na yana vigezo vya kusahihishia vya ngazi tatu, jambo ambalo nyenzo nyingi hazina. Video za Crash Course, chaneli ya masomo ya YouTube, kuhusu habari za kidijitali, vipindi 10 vilivyotolewa 2019 na kuongozwa na John Green, zinaendana na mkusanyo huo. Zinafaa zaidi kwa mwalimu kujifunzia kuliko kuonyesha darasa lisilokimudu Kiingereza cha kasi. Checkology ya News Literacy Project ni nzuri kwa kuelewa jinsi chumba cha habari kinavyofanya kazi. UNESCO ilitoa mtaala wa walimu mwaka 2011 na toleo jipya 2021, pamoja na kitabu cha mafunzo ya wanahabari cha 2018. Hivi ni vya kupangia kozi. Si vya kuingia navyo darasani kesho asubuhi.

Tovuti za uzushi wa kubuni zinazotumiwa kufundishia tuzitumie kwa uangalifu. Ya pweza wa mitini wa kaskazini-magharibi mwa Marekani ipo tangu 1998, na Donald Leu wa Chuo Kikuu cha Connecticut aliitumia kuonyesha jinsi wanafunzi 25 wa darasa la saba walivyonaswa. Inachekesha na inakumbukwa. Lakini inaacha somo baya: kwamba uongo ni kitu cha ajabu ajabu chenye pweza juu ya mti. Upotoshaji unaoumiza watu kwa kawaida ni picha halisi yenye maelezo ya uongo, au takwimu sahihi iliyotenganishwa na mwaka wake.

Michezo ya mtandaoni hupendwa na wanafunzi, na wa Bad News, uliotoka 2018 kwa ushirikiano wa watafiti wa Cambridge, ndio uliochunguzwa zaidi. Mchezaji anajifanya mpotoshaji na kupata beji sita kwa mbinu sita: kujifanya mtu mwingine, kuchochea hisia, kugawa watu, kubuni njama, kuwachafua wakosoaji na kuchokoza. Hauhitaji akaunti, na robo saa inautosha. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa 2023, uliorudia data za tafiti za michezo ya aina hii, ulionyesha kwamba wachezaji hawakuongeza uwezo wa kutenganisha kweli na uongo. Waliongeza tu mwelekeo wa kusema "ni uongo" kwa kila kitu.

Hapo ndipo penye kidonda cha somo hili lote, na ndipo tunapoomba walimu watulie. Mwanafunzi anayeshuku kila kitu hajaelimika. Amehama kutoka kuamini ovyo kwenda kukataa ovyo, na kukataa ovyo ni rahisi zaidi kwa sababu hakuhitaji kazi yoyote. Mtu kama huyo ndiye mpotoshaji anayemtaka, maana hata ukweli ukimfikia ataukataa. Tatizo linaanzia kwenye uchaguzi wetu wa mifano. Tukileta mifano 10 na yote 10 ni ya uongo, mwanafunzi mwerevu atagundua mtindo ifikapo wa tatu na hatahakiki tena.

Kwa hiyo nusu ya mifano iwe ya kweli. Tena isiwe kweli ya wazi. Iwe kweli inayoonekana ya ajabu, yenye kichwa cha kushtua au picha mbovu. Panga mifano kwa jozi inayofanana kwa sura: picha mbili za mafuriko, takwimu mbili za afya, nukuu mbili za viongozi. Mpangilio wenyewe ukorogwe, usiwe kweli, uongo, kweli, uongo.

Upimaji ufuate njia hiyo hiyo. Andaa mifano 10, mitano ya kweli na mitano ya uongo, kabla ya kozi na baada yake, bila kurudia mifano. Usitoe alama moja ya jumla. Toa mbili: amekamata mifano mingapi ya uongo kati ya mitano, na amepitisha mifano mingapi ya kweli kati ya mitano. Aliyeanza na 3 na 4 akamaliza na 5 na 1 ana jumla iliyoshuka kidogo tu, kutoka 7 hadi 6, lakini alama zake mbili zinakuambia kilichotokea: kozi imemfundisha woga. Aliyemaliza na 4 na 4 amejifunza kuhakiki. Ongeza alama za njia, 0 kwa aliyebaki kwenye ukurasa, 1 kwa aliyetoka bila kufika popote, 2 kwa aliyetoka na kurudi na ushahidi. Jibu sahihi lililopatikana kwa kubahatisha lisipewe alama za njia hata kidogo.

Kuhusu muda, kozi haihitaji kuwa ndefu. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za wilaya moja ya Marekani na kuchapishwa 2022, ukiwa na wanafunzi 499, ulitumia masomo sita ya dakika 50, na waliofundishwa waliendelea kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Masomo sita yanaingia ndani ya muhula wowote. Afadhali yatawanywe ndani ya historia, sayansi na uraia kuliko kufungwa katika wiki moja ya "usalama mtandaoni" inayosahaulika ifikapo Jumatatu.

Tafsiri ni kazi ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuikwepa, nayo ina sheria. Bure si sawa na huria. Nyenzo isiyo na leseni inayotajwa inaweza kusomwa bure lakini huna ruhusa ya kuitafsiri na kuigawa. Leseni za Creative Commons zinasomeka kwa herufi zake: BY inakutaka umtaje mwenye kazi, SA inakutaka utoe tafsiri yako kwa leseni hiyo hiyo, NC inakataza biashara, ND inakataza kugawa kazi iliyobadilishwa, na tafsiri inahesabiwa kuwa badiliko. Ukiona ND, andika kwa wenye kazi kuomba ruhusa, au chukua wazo na utunge mazoezi yako. Kwenye kila karatasi iliyotafsiriwa andika jina la kazi, mwenye kazi, leseni, kiungo na kwamba umetafsiri na kubadilisha mifano.

Mifano lazima ibadilishwe. Zoezi linalotegemea kujua vyama vya siasa vya Marekani litapima ujuzi wa Marekani. Bakiza mwendo wa mkono, ubadilishe habari. Na maneno yachaguliwe mapema: habari potofu ni ile isiyo sahihi bila nia ya kudhuru, upotoshaji ni uongo wa makusudi, na kuna habari ya kweli inayotolewa kwa lengo la kuumiza, kama siri ya mtu inayomwagwa hadharani. Neno "habari feki" tunaliepuka, kama kitabu cha UNESCO cha 2018 kinavyoshauri, kwa sababu limekuwa rungu la kuwapigia wanahabari wanaoandika yasiyopendeza.

Mtandao wenyewe ndio unaovunja vipindi vingi, na hesabu yake inafanyika kabla. Ukurasa wa kawaida wa leo una takriban megabaiti 2 hadi 3. Wanafunzi 30 wakifungua kurasa sita kila mmoja ni megabaiti 450 hivi, na zote zinaombwa ndani ya dakika zile zile tano. Video ya dakika 10 kwa ubora wa 360p huwa karibu megabaiti 50. Kila mmoja akiifungua kwake ni gigabaiti moja na nusu. Waweke watatu watatu kwa kifaa kimoja: vifaa vinakuwa 10, bando linashuka hadi theluthi, na mazungumzo kati yao yana faida kuliko kila mtu na skrini yake. Video ionyeshwe mara moja kwenye projekta, ikiwa imepakuliwa pale inaporuhusiwa. Tegemea pia kwamba maombi mengi kutoka anwani moja ya mtandao yataifanya mitambo ya kutafutia iwashuku wanafunzi kuwa roboti na kuwataka wathibitishe kuwa ni binadamu. Anza na vikundi vitano, vingine vifuate dakika tatu baadaye.

Mahali pasipo na intaneti, Kiwix hubeba Wikipedia nzima au sehemu yake katika faili moja, na Kolibri ya Learning Equality hugawa masomo kutoka kompyuta moja hadi vifaa vingine kwa Wi-Fi ya ndani. Lakini uhakiki bila mtandao una mtego: ukihifadhi ukurasa unaohakikiwa peke yake, umemfunga mwanafunzi ndani yake. Hifadhi na milango ya kutokea. Kwa kila mfano weka ukurasa wenyewe, majibu ya utafutaji yaliyopigwa picha, makala ya Wikipedia, habari mbili za vyombo tofauti, na kurasa mbili zisizosaidia kitu. Hizo mbili za mwisho ni muhimu, kwani bila hizo mwanafunzi hana cha kuchagua. Kiongezo cha SingleFile huhifadhi ukurasa mzima, picha zikiwemo, kama faili moja linalofunguka popote.

Viungo hufa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Vyombo navyo hufa: Google iliondoa kiungo cha nakala zilizohifadhiwa mapema 2024, na Meta ikaifunga CrowdTangle, chombo cha kufuatilia machapisho yanavyosambaa mitandaoni, Agosti mwaka huo, pamoja na masomo yote yaliyokuwa yamejengwa juu yake. Kila ukurasa unaoutumia uhifadhi kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, siku unapouchagua, nakili anwani ya nakala hiyo kwenye andalio, na jaribu viungo vyote siku mbili kabla, kwa kutumia kifaa na mtandao ule ule utakaotumika. Shule nyingi huzuia mitandao ya kijamii, na kiungo kinachofunguka kwenye simu ya mwalimu huzuiwa darasani.

Mifano ya uongo huvuja pia. Mwanafunzi hupiga picha projekta na kumtumia mwenzake, naye huipeleka kwenye kundi la familia bila maelezo. Piga mhuri wa ZOEZI kwa mshazari katikati ya picha, usiwe pembeni unapokatika kirahisi, na jibu lake litajwe ndani ya kipindi hicho hicho, kengele isikukute bado. Unapoeleza, tanguliza ukweli, taja uongo mara moja, umalize kwa ukweli. Usitumie ujumbe wa mwanafunzi au wa ndugu zake kama mfano, hata kwa ruhusa yake. Aibu humfunga mtu kwenye msimamo wake. Picha za maiti na vurugu zisiingie kabisa. Chagua vyombo visivyodai akaunti, na pale inapodaiwa, mwalimu afungue yake.

Wape wanafunzi jibu la tatu kwenye karatasi: "Bado haijathibitika." Chini yake waandike walikotafuta, tarehe na saa, na ni kitu gani kikipatikana kitawafanya wabadili jibu. Karatasi hizo zitunze. Baada ya wiki tatu zirudishe, watafute tena, na waandike jibu jipya kwa kalamu ya rangi nyingine pembeni ya lile la kwanza.